Mwenyekiti na Maji ya Paa Lake

Mimi na mabati yake tulifika siku moja, katika lori moja, mimi nikiwa nimeketi juu yake.

Nilikuwa nimetoka Voi kwa gari la moshi. Nairobi nilikaa kwa binamu yangu mpaka mke wake akaanza kuosha vyombo kwa kelele. Nikaelewa, nikapanda gari jingine la Kisumu. Kisumu sikuwa na mtu. Nilikwenda kwa sababu reli iliishia huko, na kijana asiye na pa kwenda huona afadhali aende mpaka njia ikome yenyewe. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na mtu aliyemaliza kidato cha nne bado alitembea kama anayesubiriwa mahali. Karibu na ziwa nilimkuta dereva akipakia mabati mapya kwenye lori.

"Wewe umesoma?" akaniuliza.

"Kidato cha nne."

"Basi panda. Kuna mzee huko Kisii anafungua duka la vifaa vya kujengea. Anataka mtu wa kaunta asiyekuwa wa ukoo wake. Anasema wa ukoo wake watakula misumari."

Tulipita Ahero, Sondu, Oyugis. Baada ya mji wa Kisii barabara ilianza kupanda na kujipinda, na mvua ikatukuta hapo. Lori lilikwama kabla ya Masimba, tukalala kwenye baraza ya duka la chumvi, asubuhi tukasukumwa na watu waliokuwa wakienda sokoni na ambao walicheka zaidi kuliko walivyosukuma. Mimi ni mtu wa nchi kavu. Kwetu mvua hutajwa kama jamaa aliyehamia mbali. Kule ilikuwa ikija kila alasiri, bila kuitwa, na vilima vyote vilikuwa na kijani kibichi mpaka macho yakaniuma. Hata leo, baada ya kuzunguka kote nilikozunguka, nikifumba macho nikitafuta mahali pazuri, huja pale. Kisha humwona yeye, mwenye mabati, amesimama katikati ya uzuri wote ule, na moyo wangu hukunja uso.

Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa duka ambalo halijaezekwa, katika soko dogo lililokaa juu kabisa ya mgongo wa kilima, upande wa kuelekea Gesima. Shati jeupe, viatu vinang'aa katikati ya tope. Alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akapangusa sanduku la misumari, akanionyesha nikae.

"Karibu, Mswahili."

"Mimi ni Mtaita, Mzee."

"Ni kitu kimoja. Wote mnatoka chini."

Alicheka, nami nikacheka. Ilinichukua muda kujua kwamba haukuwa mzaha. Kwake yeye watu wa dunia hii waligawanyika hivyo, walioko juu na walioko chini.

Ukoo wake sitaueleza, wala alizaliwa lini na wapi. Mwenyewe alikuwa akieleza hayo kila mtu alipokosa njia ya kutoroka. Watu walimwita Mwenyekiti, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwenyekiti wa soko, wa kamati ya shule, wa kamati ya kununua majani chai, na wa kamati nyingine ambayo hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nini.

Kitambaa kile kilikuwa jina lake la pili. Alipangusia kiti kabla ya kukaa, kikombe kabla ya kunywa, Biblia kabla ya kuifungua, mkono wake baada ya kusalimiana na mtu aliyetoka shambani. Mke wake alikifua kila jioni na kukipiga pasi kila asubuhi. Siku nilipoingia dukani na matope aliniambia, "Uchafu ni dhambi inayoonekana." Nilipenda msemo huo. Nilikuwa kijana, nilidhani mtu anayechukia uchafu anauchukia popote ulipo. Yeye aliuchukia ulipokuwa karibu naye tu. Ukishateremka hatua chache, ulikuwa umeacha kuwa uchafu ukawa habari ya watu wengine.

Lazima nieleze jinsi ardhi ilivyokaa, la sivyo hamtamwelewa. Kule baba hagawi shamba kwa vipande vya mraba. Hugawa kwa urefu, kutoka barabarani kileleni mpaka mtoni bondeni, kama mtu anayechana kanga, ili kila mwana apate pa juu pa kujenga, pa katikati pa ndizi na chai, na pa chini pa kuchota maji. Wajukuu nao huchana tena. Mashamba yalikuwa marefu na membamba kama mishipi, na kati ya kila mawili watu walichimba mfereji wa mpaka, umenyooka kutoka juu hadi chini. Hakuna mtu aliyetaka mpaka uliopinda, kwa sababu mpaka uliopinda ni kesi. Mteremko ulipokuwa na migomba na nyumba za nyasi, haikudhuru sana. Nyasi hunywa mvua kwanza, ndipo huidondosha.

Kisha yakaja mabati yaliyonileta.

Mwenyekiti alijenga safu ya maduka: la kwetu, ambalo kando ya misumari liliuza pia sukari na vifungo, buchari, mkahawa wa chai, mashine ya kusaga, na vyumba vya kupangisha nyuma. Uwanja wa mbele akaushindilia changarawe mpaka ukawa mgumu kama sahani. Paa lilipokamilika, watu walitoka mbali kuja kulitazama likimeta. Mvua ya kwanza ilipolipiga hatukusikiana hata tukipiga kelele. Maji yote yale, ya paa na ya uwanja, yalitaka pa kwenda. Akafunga gata refu la bati kuzunguka safu nzima, akalielekeza kwenye bomba moja nene, akalipitisha bomba katika ukuta wa nyuma, na mdomo wake akauweka sawasawa juu ya mfereji wa mpaka wa upande wa kulia.

Kulia kulikuwa na shamba la mwanamke ambaye sote tulimwita Omong'ina, kama wanavyomwita huko mama mtu mzima kwa heshima. Mume wake alikuwa mgonjwa wa kifua. Walitahiriwa msimu mmoja, yeye na Mwenyekiti, wakakaa kibanda kimoja cha tohara, na huko jambo hilo ni undugu usiofutika. Kushoto kulikuwa na shamba la Fundi, fundi cherehani wa pale sokoni, mtu wa watoto wengi na ulimi mwepesi.

Mfereji wa kulia ulikuwa wa kurukwa na mtoto nilipofika. Msimu wa pili, mtu mzima alihitaji kuweka ubao. Msimu wa tatu lilikuwa korongo jekundu, na lilikuwa likila kuelekea upande wa Omong'ina, kwa sababu udongo wa upande wake ulikuwa laini.

Omong'ina hakuwa mtu wa kelele. Baada ya kila mvua kubwa alipanda mlima na kikapu chake, akaingia dukani, akapanga vitu juu ya kaunta kimoja kimoja: mifupa ya buchari, kisigino cha kiatu, chupa iliyovunjika, gunzi, pembe ya mbuzi, matambara ya Fundi.

"Mwenyekiti, bwakire," angemsalimu kwa lugha ya kwao. "Vitu yako zilikuja kunitembelea. Nimezirudisha."

"Asante kwa kuzichunga, Omong'ina," angejibu, na wateja wangecheka.

"Geuza hiyo bomba."

"Ukuta ni wa mawe, mama. Bomba haligeuki. Na maji hayana mwenyewe. Mvua ni ya Mungu, mteremko ni wa Mungu."

"Mvua ni ya Mungu. Mfupa ni ya nani? Buchari ni ya Mungu?"

Wateja wangecheka tena, safari hii upande wake. Angeondoka na kikapu kitupu. Mwenyekiti angesukuma vile vitu vidondoke kwenye karai, apanguse kaunta kwa kile kitambaa, akikunje vizuri, akirudishe mfukoni.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, maji haya yanakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini kuna mtu."

"Chini daima kuna mtu, Mswahili. Ukianza kuhesabu walioko chini hutajenga hata banda la kuku."

Kama angekuwa hajui, ningemsamehe. Watu wengi pale hawakujua. Walimwaga maji mpakani kwa sababu baba zao walimwaga mpakani. Lakini Mwenyekiti alijua mteremko kuliko mtu yeyote. Zamani za Wazungu alikuwa msaidizi wa chifu, na kazi yake ilikuwa kuwasimamia watu wakichimba matuta ya kukinga maji, yale yanayokata mlima kwa ubavu ili mvua itembee badala ya kukimbia. Alisimama na kiboko. Alinisimulia mwenyewe, tukinywa chai, akiwa na fahari bado: jinsi ya kuangalia mlima kwa jicho moja, jinsi tuta linavyopaswa kulala karibu sawa lakini si sawa kabisa, jinsi ya kupanda majani ya nepia ukingoni. Alichora juu ya kaunta kwa kidole kilichochovya chai.

"Sasa yako wapi, Mzee?"

Akapiga meza kwa kicheko. "Tuliyafukuza! Uhuru ulipokuja, nilikuwa wa kwanza kuchukua jembe nikabomoa la kwangu. Niliwaambia watu, hata tuta ni Mzungu, nalo liende kwao. Wiki nzima kilima kizima kilibomoa. Tuliimba!"

Ninaamini waliimba. Ninaelewa hata kwa nini. Mtu aliyechapwa mgongoni kwa ajili ya tuta hawezi kulipenda tuta, hata kama linalinda mahindi yake. Makosa yao yalikuwa ya watu walioumizwa. Lakini yeye hakuchapwa, ndiye aliyechapa. Watu walipogeuka, naye akageuka haraka kuliko wote, akatangulia mbele ya wale wale aliokuwa amewatandika, akiimba kwa sauti ile nzuri. Wakampa uenyekiti.

Na sauti yake ilikuwa nzuri kweli. Siku ya Sabato ungeisikia ikitoka kanisani, nzito na safi, mpaka watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama. Sabato nayo ilikuwa na mambo yake. Mvua kubwa ilipoangukia Jumamosi na korongo likaanza kunguruma, Omong'ina alimtuma mtu amwombe Mwenyekiti walau aweke magunia ya mchanga kwenye mdomo wa bomba. Alijibu kwamba siku ya Bwana hawezi kushika jembe. Jumapili alitoka, akatazama mawingu, akasema, "Leo kumekauka. Mnataka nizuie maji gani?"

Nitasema jambo moja ambalo nimesita kulisema, kwa sababu linachefua. Nyuma ya vyumba vya wapangaji kulikuwa na choo cha shimo, kisicho na kina, kwa kuwa mwamba ulikuwa karibu. Kilijaa upesi. Mvua za masika ziliposhika kweli, alasiri moja, nilimwona Mwenyekiti akitoka na mwavuli, viatu vyake ndani ya mifuko ya karatasi ya saruji. Alizunguka nyuma ya choo, akaondoa mbao mbili za chini upande wa mteremko, akarudi haraka kabla shati halijalowa. Maji yakaingia, yakatoka, yakateremka. Alinikuta mlangoni nimeziba pua.

"Mungu anatusafishia," akasema, akatafuta kitambaa chake.

Chini kulikuwa na shamba la nduma la Omong'ina, na chini ya nduma chemchemi ambayo mlima wote ule ulichota. Jioni ile sikuweza kula. Yeye alikula vizuri, akasifu chinsaga, zile mboga chungu ambazo mke wake alizipika na maziwa usiku kucha, akanilazimisha nionje.

Ndiyo, nilikaa kwake. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Niliposhikwa na malaria alinibeba mgongoni, mtu wa umri wake, mpaka barabarani, akasimamisha lori la majani chai, akaketi nami zahanati hadi nikafungua macho. Hakuwahi kuniita mtumishi. Mizani yake ilikuwa ya haki. Mtoto aliyetumwa sukari hakutoka bila peremende. Na mume wa Omong'ina alipokufa, Mwenyekiti alifunga duka, akavua shati lile jeupe, akalipiga randa jeneza kwa mikono yake, machozi yakidondoka kwenye maranda.

Nilikuwa nikimpa misumari. Nilipompa ya kawaida alikataa.

"Nipe ya kuezekea. Ile ya kofia."

"Kwa jeneza, Mzee?"

"Haipitishi maji, hiyo. Ndugu yangu aliteswa na kifua. Sitaki mvua imguse."

Akakipigilia kifuniko kwa misumari ile yenye vichwa vipana, mmoja baada ya mwingine, kama anaezeka nyumba ndogo. Tulimzika mbele ya nyumba yake, kama ilivyo desturi, upande wa korongo, mahali alipopenda kuota jua. Mwenyekiti aliimba. Hakuna aliyebaki na macho makavu. Nilitazama kutoka kaburini mpaka ukingo wa korongo, nikaona ni mbali ya kutosha. Ulikuwa wakati wa kiangazi.

Basi kuanzia hapo Omong'ina hakuwa akipigania nduma tena. Kila alipokuja na kikapu alisema jambo moja tu: "Inaelekea kwake." Sote tulijua nani.

Mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi ofisi ya kilimo, akarudi na afisa kijana mwenye kaptura. Afisa aliutembea mlima, akaita mkutano nyuma ya maduka, akaeleza vizuri. Maji yageuzwe hapo juu, kabla hayajapata mbio. Uchimbwe mtaro mpana usio na kina, ukate ubavu wa kilima upande wa kushoto, upite kwenye ndizi za Mwenyekiti, upite kwa Fundi, upite kwa wengine wachache, hadi palipo na mwamba mtupu, ndipo yateremke hapo bila kumdhuru mtu. Upandwe nyasi. Kila mmoja angepoteza upana wa hatua chache.

Watu wakatazama miguu yao.

Fundi ndiye aliyesema. "Afisa, shamba langu limebaki upana wa kitanda. Nikitoa njia ya maji, mimi nitalala wima?"

Wakacheka. Omong'ina hakucheka. "Na mume wangu, yeye alale wapi?"

"Mama," Fundi akasema, "maji yakipita kwa jirani, huku kwetu tunaita baraka."

Wakacheka zaidi. Hakuna mtu pale aliyekuwa mbaya. Walikuwa watu wenye mashamba membamba. Kila mmoja alipima hatua zake kichwani na kuona ni nyingi, akaupima mkosi wa Omong'ina akaona uko mbali.

Lakini Mwenyekiti alisimama, akakohoa, akasema neno la busara kuliko yote. Akasema undugu ni undugu, mtaro utachimbwa, na utaanzia kwake. Akavua kofia, akaombea vigingi vya afisa kimoja kimoja. Omong'ina alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Afisa aliondoka ameridhika, na wadhifa wake ukampeleka wilaya nyingine, hakurudi.

Nilivitafuta vigingi wiki iliyofuata. Vilikuwa bustanini kwa Mwenyekiti, vinashikilia nyanya.

"Ni vijiti vizuri vya serikali," alisema aliponiona nikivitazama. "Havina mchwa."

"Na mtaro, Mzee?"

"Tutachimba. Watu hawako tayari. Kiongozi hatangulii watu wake."

Alisema hivyo mtu aliyewatangulia kwa kiboko, kisha akawatangulia kwa wimbo.

Masika yalikuja mapema. Ilinyesha mpaka chai ikachumwa na watu waliovaa magunia kichwani. Asubuhi moja mvua ilipopumzika, Omong'ina aliingia dukani. Hakuwa na kikapu. Alikuwa amebeba kitu begani, kimefungwa kwa kanga, kirefu. Wateja walimpisha. Akakilaza juu ya kaunta, akafungua kanga taratibu.

Ulikuwa ubao. Umekula tope, umeoza kingo, na bado una safu ya misumari yenye kofia pana.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Fundi, aliyekuwa amekuja kununua vifungo, alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Mwenyekiti aliuangalia ubao. Aliitambua kazi yake. Niliona mdomo wake ukitaka kusema lile neno la siku zote, kwamba maji hayana mwenyewe, ukashindwa.

"Bwakire, Mwenyekiti," Omong'ina alisema. "Hii pia ni yako. Ulisema haipitishi maji."

Akajifunga kanga, akatoka. Hakulia. Tuliosimama pale tulisubiri, nadhani, kumwona mtu aanguke magotini. Mimi nilisubiri. Mwenyekiti aliuinua ubao kwa ncha za vidole, akautoa nyuma kwa heshima, akarudi. Kwenye kaunta kulikuwa kumebaki tope jekundu lenye umbo la ubao. Akatoa kitambaa. Akapangusa kutoka mwanzo mpaka mwisho, pembe hadi pembe, akakikunja upande mchafu ukaingia ndani, akakiweka mfukoni.

"Nani alikuwa akinunua vifungo?" akauliza.

Siku ile ile shemeji zake Omong'ina walishuka korongoni, wakakusanya walichoweza kukipata, wakakifunika vizuri. Wazee walikaa kuamua atazikwa wapi tena, kwa sababu jambo kama lile hawakuwa wamelizoea. Wengine wakasema ng'ambo ya nyumba, wengine wakasema chini karibu na mto. Omong'ina aliwasikiliza wote, kisha akachukua jembe akapanda mlima. Alipanda mpaka mwisho wa shamba lake, mpaka kwenye ukuta wa nyuma wa maduka, akasimama chini ya mdomo wa bomba, akapiga jembe hapo.

"Omong'ina," mzee mmoja akamwambia, "kaburi halikai nyuma ya duka."

"Shamba ya mume wangu inafika kwa ukuta. Amekaa chini vya kutosha. Sasa amepanda juu."

Kule watu huwaogopa wafu wao kuliko wanavyomwogopa mwenyekiti yeyote. Walichimba. Mwenyekiti alikuja na shati safi, akaimba tena, na niseme ukweli, aliimba vizuri kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa nikitazama bomba. Lilikuwa likidondosha tone moja moja juu ya udongo mpya, na kila mtu pale alikuwa akitazama nilipotazama.

Alasiri mawingu yalianza kukusanyika upande wa Gesima. Mwenyekiti aliyaona. Akaacha kikombe chake kwenye kaunta, akawaita vijana wa mashine ya kusaga, wakaenda nyuma na mtaimbo. Nikasikia mawe yakigongwa. Kwa miaka yote niliyokaa pale nilimsikia akiapa kwamba bomba haligeuki, ukuta ni wa mawe. Liligeuka kabla chai yake haijapoa.

Nilitoka kutazama. Moyo wangu, nawaambia, ulikuwa umeanza kumpenda tena. Alikuwa amesimama na viatu vyake katika tope, anatoa maagizo, na bomba lilikuwa limetolewa upande wa kaburi. Mdomo wake sasa ulikuwa umewekwa sawasawa juu ya mfereji wa mpaka wa kushoto. Wa Fundi.

"Mzee, na mwamba? Na mtaro?"

"Mswahili," alisema kwa upole, akinifikiria kama mtu anayechelewa kuelewa, "kushoto hakuna kaburi."

Sikuondoka siku hiyo. Mtu huondoka moyoni kwanza, miguu hufuata baadaye. Nilikaa mpaka mvua zikapungua, nikamfundisha mpwa wake kazi ya kaunta, nikafunga sanduku langu. Nilikwenda kumuaga Omong'ina. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na kaburi la juu, akimenya maharagwe, mgongo wake ukiegemea ukuta wa Mwenyekiti kana kwamba ni wake. Alinipa ndizi za njiani.

"Kwenu mvua inanyesha?" akaniuliza.

"Mara chache, mama."

"Basi nyinyi hamjajuana bado," akasema.

Asubuhi ya kuondoka, Mwenyekiti alinisindikiza mpaka kwenye baraza kusubiri basi. Usiku kulikuwa kumenyesha, na mfereji wa kushoto ulikuwa tayari mwekundu na una kina. Alivua kofia akaniombea safari ndefu na ya salama, akataja Voi, akataja mama yangu kwa jina, kwa sababu alikuwa amelikumbuka tangu siku ile ya malaria. Sauti ikamkatika. Machozi yalikuwa ya kweli. Sijawahi kutilia shaka machozi yake.

Wakati huo huo Fundi alitokea akipanda mteremko. Alikuwa na karai mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Alipita mbele yetu bila kutusalimu, akaingia dukani, na nikasikia ile sauti niliyoijua: mfupa ukiwekwa juu ya kaunta, kisha mwingine.

"Mwenyekiti!" aliita kutoka ndani. "Njoo uone vitu vyako!"

Basi lilikuwa limesimama. Nilipanda. Mwenyekiti alikuwa amekwisha toa kitambaa mfukoni, akawa amesimama kati yangu na mlango wa duka, hajui aanze na lipi, kujifuta macho au kwenda kupangusa kaunta. Alijifuta macho. Kisha, basi lilipoanza kuteremka, akakiinua juu akanipungia. Kwa mbali kilionekana cheupe.